Mashine ya kupulizia dawa inayofuata nyayo za trekta

Mashine ya kupulizia dawa ya kukokotwa ni tangi lenye magurudumu, pampu na bumu, yaani mabomba marefu yenye nozo (vichwa vya kunyunyizia) yanayokunjuliwa kushoto na kulia, na hufungwa nyuma ya trekta. Haina injini yake. Ndiyo maana huwa nafuu kuliko ile inayojiendesha, na kazi ya dawa ikiisha trekta huenda kufanya shughuli nyingine. Muuzaji akisema mashine "inageuka vizuri", wengi hudhani ni ile inayokata kona fupi. Kwa mazao ya mistari hilo halitoshi: magurudumu ya mashine yapite palepale yalipopita ya trekta, hata kwenye kona.

Tuchukue mahindi ya Iowa au Illinois, Marekani. Nafasi ya kawaida kati ya mistari huko ni sentimita 76, karibu sawa na 75 wanazoshauriwa wakulima wengi wa Kenya na Tanzania. Tairi la upana wa sentimita 32 likipita katikati huacha sentimita 22 kila upande. La sentimita 46 huacha 15 tu. Penye mistari iliyonyooka dereva makini hana shida, mradi umbali kati ya gurudumu la kushoto na la kulia uendane na mistari (sentimita 152, 228 au 304) na uwe uleule kwa trekta na kwa mashine.

Taabu huanza kwenye kona, maana kinachokokotwa hukata kwa ndani. Tuseme trekta inazunguka duara lenye nusu kipenyo cha mita 6, pini ya kufungia iko mita 1 nyuma ya ekseli (mhimili wa magurudumu) ya nyuma ya trekta, na ekseli ya mashine iko mita 5 nyuma ya pini. Ukipiga hesabu ya Pythagoras, mashine itazunguka duara la mita 3.5 hivi. Tofauti ni mita 2.5, yaani zaidi ya mistari mitatu ya mahindi.

Njia isiyo na umeme wala haidroliki (nguvu ya mafuta yenye shinikizo) ni kusawazisha vipimo viwili: umbali kutoka ekseli ya nyuma ya trekta hadi pini, na kutoka pini hadi ekseli ya mashine. Vikilingana, mashine ikishatulia kwenye mzunguko hufuata nyayo zilezile. Kwa hiyo baadhi ya mashine huwa na mkono mrefu unaoshikizwa kwenye trekta na kupeleka kiungo cha kugeukia nyuma zaidi.

Nyingine hugeuzwa kwa silinda za haidroliki, ama kwenye mkono wa kukokotea ama kwenye magurudumu yenyewe. Mkono ukikunjwa, uzito wa tangi husogea upande mmoja. Lita 4,000 za maji ni tani 4, na kwenye mteremko huko ni kucheza na kupinduka. Penye miinuko ningechagua magurudumu yanayogeuka, ingawa yana viungo vingi zaidi vya kukaguliwa. Kwa vyovyote, usukani huo hunyooshwa na kufungwa kabla ya kuingia barabarani.

Shafti inayozungusha pampu husahaulika. Viungo vya kawaida hutetemeka sana kona ikibana na huchakaa mapema. Kuna shafti za kona pana, zinazostahimili kukunjwa zaidi, au pampu inayoendeshwa kwa haidroliki ya trekta.

Kugeuka vizuri hakumaanishi kupulizia ukiwa unageuka. Bumu la mita 27 hufunika mistari 36 hivi, lakini ukizunguka duara la nusu kipenyo cha mita 10, ncha ya ndani hurudi kinyumenyume juu ya mimea iliyokwisha kupata dawa, huku ya nje ikikimbia. Funga nozo kwanza, kisha geuka.

Urefu wa mahindi ambayo trekta inaweza kupita juu yake nao una kikomo, na mara nyingi kinachoyavunja si mashine bali tumbo (upande wa chini) la trekta, kwa hiyo pima hapo kwanza.

Kabla ya kulipa, omba mashine ijazwe maji na izungushwe taratibu kwenye udongo uliolimwa. Shuka uangalie chini. Kila upande, alama ya tairi la mashine iwe juu ya ile ya tairi la nyuma la trekta. Zikiachana, pima tofauti yake na uilinganishe na nafasi ya mistari yako.