Mwingiliano wa dawa: kichangamshi kinapokutana na dawa ya kushusha kinga

Mtu aliyepandikizwa figo humeza dawa za kushusha kinga miaka yote, kwa kuwa kinga ikiachwa na nguvu zake huiona figo ile kuwa adui na kuishambulia. Mtu huyo huyo akiandikiwa dawa ya kuchangamsha ubongo, pengine kwa sababu ana ugonjwa wa kuzidiwa na usingizi mchana, ndipo linapojitokeza neno lililomo kwenye kile kikaratasi cha ndani ya boksi ambacho wengi wetu hukitupa: mwingiliano.

Mwingiliano wa dawa ni hali ya dawa moja kubadili utendaji wa nyingine mwilini. Watu wengi hudhani mpaka zikutane tumboni, kwa hiyo ukimeza moja asubuhi na nyingine jioni umeshakwepa. Hujakwepa. Mara nyingi zinakokutana ni kwenye ini.

Siklosporini na takrolimusi, dawa mbili zinazotumika sana kulinda kiungo kilichopandikizwa, huvunjwavunjwa na kimeng'enya kiitwacho CYP3A4, kilichomo kwenye ini na ukuta wa utumbo. Vichukulie vimeng'enya hivyo kama vibarua wanaotoa mizigo ghalani. Modafinili, dawa ya kumfanya mtu akae macho, huliongezea ini vibarua. Kuna mwanamke wa miaka 41 aliyekuwa amepandikizwa kiungo: baada ya kutumia miligramu 200 za modafinili kila siku kwa mwezi mmoja, siklosporini katika damu yake ilishuka kwa asilimia 50. Na dawa ya kushusha kinga ikipungua kiasi hicho, mwili unaweza kuanza kukikataa kiungo.

Kinachosahaulika ni safari ya kurudi. Mgonjwa akiacha modafinili, vibarua wale wa ziada huondoka polepole. Ikiwa daktari alishaongeza dozi ya siklosporini kufidia upungufu, sasa dawa inarundikana, na siklosporini ikizidi huumiza figo ile ile ambayo dawa hiyo ilitakiwa kuilinda. Balungi nalo hufanya kinyume cha modafinili: huwazuia vibarua wa kwenye utumbo wasifanye kazi, dawa ikapanda. Ndiyo maana waliopandikizwa figo hukatazwa tunda hilo.

Je, methilfenideti, dawa nyingine ya kuchangamsha ubongo ambayo wengi huijua kwa jina la Ritalin? Hii huvunjwa na kimeng'enya kingine kabisa, kwa hiyo haiwategemei vibarua hao. Ndiyo maana swali la jumla, "kichangamshi na dawa ya kinga vinapatana?", kwangu halijibiki mpaka dawa zote mbili zitajwe kwa majina.

Lakini hata methilfenideti ina njia yake ya kugongana. Siklosporini na takrolimusi hubana mishipa ya damu na kupandisha presha. Vichangamshi navyo hupandisha presha na kuharakisha mapigo ya moyo. Hakuna aliyemgusa mwenzake kwenye ini, ila mzigo wote umeangukia moyo na figo. Miraa imo humo humo, kwani kiini chake, kathinoni, ni ndugu wa amfetamini, ambayo nayo ni kichangamshi. Tatizo ni kwamba mtafunaji haihesabu kuwa dawa, hivyo akiulizwa anatumia dawa gani haitaji.

Halafu kuna mikono kutetemeka na kukosa usingizi. Takrolimusi huleta vyote viwili, na kichangamshi vilevile. Anayetetemeka wiki mbili baada ya kuanza kichangamshi huenda akakilaumu bure, kumbe ni takrolimusi iliyopanda.

Kujua nani mkosaji kunahitaji kupima kiwango cha dawa ya kinga katika damu, na damu hiyo hutolewa kabla ya kumeza dozi ya asubuhi, takriban saa 12 baada ya ile ya usiku. Aliyemeza kwanza ndipo akaenda maabara atasomewa namba kubwa isiyomwambia daktari anachokitafuta, na itabidi arudi siku nyingine.