Silikoni haitoshi kuzuia maji kwenye boksi la faiba

Mafundi wengi hapa Kisumu wanaamini boksi la faiba juu ya nguzo, linalofunika viungo vya nyaya za intaneti, likishapakwa silikoni, maji hayaingii. Si kweli. Juzi nilifungua moja Kondele, silikoni imejaa pembeni, na ndani trei inayoshika viungo vya nyaya inaelea majini. Mvua hutiririka juu ya waya wenyewe. Waya ukiingilia juu, maji yanaufuata hadi ndani, na silikoni hubanduka waya unapotikiswa na upepo. Ingiza waya kwa chini, uache kitanzi kinachoning'inia chini ya tundu ili matone yadondokee hapo. Matundu matupu yazibwe kwa vizibo vyake vya mpira.