Mwiko wa injini: mashine inayong'arisha sakafu ya zege

Ukiingia kwenye ghala au gereji mpya ukakuta sakafu ya zege imelala laini, nyeusi kidogo, inaakisi mwanga wa mlangoni, ujue haikumalizwa kwa mkono. Imepitiwa na mwiko wa injini, ambao saiti nyingi huitwa pawafloti. Ni kama pangaboi lililopinduliwa: injini juu, mapanga manne chini yanakwangua zege, na mpini mrefu nyuma ambao fundi anaushika akitembea.

Kwanza tuondoe dhana moja inayoharibu sakafu nyingi. Mashine hii hainyooshi sakafu. Kazi ya kunyoosha ni ya rula, ule ubao mrefu ulionyooka wa kusawazishia, na fuloti ya mkono, yaani kibao bapa chenye mshikio, zege likiwa bado bichi. Bonde lililoachwa na rula litabaki bonde, tena litang'aa na kuonekana zaidi. Kazi ya mwiko wa injini ni kushindilia uso wa zege, kuzamisha kokoto za juu, kupandisha uji wa saruji na mchanga, kisha kuubana uji huo hadi uwe mgumu na laini.

Ukubwa hupimwa kwa upana wa duara la mapanga. Inchi 36, yaani kama sentimita 90, ndiyo ya kawaida. Ya inchi 24 inafaa vyumba vidogo na kandokando ya kuta, na ya inchi 46 au 48 ni ya kumbi kubwa. Injini ya petroli, mara nyingi ya nguvu za farasi 5 hadi 9, hupitisha mzunguko kwenye giaboksi inayoupunguza sana, hivi kwamba mapanga huzunguka mara 60 hadi 130 hivi kwa dakika. Ringi ya chuma huyazunguka mapanga ili yasikate mguu wala kugonga nguzo.

Sehemu ya kuielewa vizuri kuliko zote ni gurudumu dogo au wenzo ulio kwenye mpini. Ukiuzungusha, waya hukazwa na mapanga yote manne huinama kwa pamoja: ukingo wa mbele unanyanyuka, wa nyuma unabaki chini. Mapanga yakilala bapa, uzito wa mashine hutawanyika. Yakiinama, uzito ule ule hubebwa na ukingo mwembamba, na zege hubanwa kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana kazi huanza bapa na kuishia kwa kuinamisha. Kwa raundi ya kwanza hufungwa sahani ya chuma au mapanga mapana ya inchi 10 yaliyokunjwa kingo. Kwa kumalizia, mapanga membamba ya inchi 6. Yapo pia ya inchi 8 yanayofanya kazi zote mbili, ingawa hayafikii ubora wa yale maalumu.

Sasa wakati wa kuanza, na hapa ndipo fundi hujulikana. Subiri maji yaliyopanda juu yaishe yenyewe na mng'ao wa maji upotee. Kisha kanyaga: kiatu kikiacha alama ya milimita 3 hadi 6 hivi, ingia. Kikizama zaidi, ngoja. Usitazame saa, kwa sababu jua la mchana na upepo huharakisha, na nailoni iliyotandikwa chini ya zege huchelewesha, maana maji yote hulazimika kutokea juu. Jua kali juu ya nailoni ni mtego: uso unakuwa ukoko, chini bado laini, na ukipita sakafu inatetema na kuacha mawimbi.

Raundi ya kwanza pita bapa na polepole, kila mstari ukipanda nusu ya ule uliotangulia. Raundi inayofuata kata msalaba. Kila raundi ongeza mwinamo kidogo na mwendo kidogo, ukiacha zege likaze katikati ya raundi. Pembeni na kwenye nguzo humaliziwa kwa mwiko wa mkono, katika muda ule ule.

Mashine haisukumwi kwa mabavu. Mapanga yakizunguka kama mshale wa saa ukiyatazama kutoka juu, nyanyua mpini kidogo nayo itakwenda kushoto. Ubonyeze, itakwenda kulia. Anayeshindana nayo atachoka kabla ya zege kukauka.

Malengelenge na tabaka la juu linalobanduka husababishwa na haraka: uso umezibwa kwa mapanga yaliyoinama huku maji na hewa bado vinapanda. Vumbi lisiloisha hata ukifagia hutokana na kusugua maji ndani ya uso, au kunyunyiza maji na kumwaga saruji kavu ili mapanga yateleze. Niru, yaani saruji tupu inayosuguliwa juu ya sakafu ili ilainike, ina mahali pake, lakini si kwenye sakafu itakayopitiwa na magari. Kwenye nchi za baridi kali, zege la nje hutiwa viputo vya hewa makusudi ili lisipasuliwe na barafu. Hilo halifai mwiko wa chuma, kwa kuwa uso wake hubanduka.

Swichi ya usalama kwenye mpini huzima injini au kukata mzunguko mara tu mkono ukiachia. Kuna wanaoifunga kwa waya kwa kuwa inawasumbua. Siku mapanga yakigoma, mpini ndio utakaozunguka badala yake, nao unavunja mbavu. Ndani ya jengo lililofungwa, gesi ya kaboni monoksaidi iliyomo kwenye moshi wa injini ya petroli huua bila harufu ya kutahadharisha, fungua milango.

Usiiache imesimama juu ya zege bichi, itazama. Ioshe kabla uji haujashika kwenye mikono ya mapanga, yaani vyuma vinavyoyashikilia, tia grisi, na badilisha mapanga yote manne kwa pamoja, kwani jipya moja kati ya makuukuu huchora duara sakafuni. Ikiyumba hata juu ya sakafu kavu na ngumu, mapanga yakiwa mapya, zege halina kosa: kagua kama kuna mkono wa panga uliopinda.