Biti 64 haifanyi kompyuta ikimbie mara mbili

Hii ya kusema ukitoa Windows ya biti 32 ukaweka ya biti 64 (biti hapa ni ukubwa wa data ambayo prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, inashughulikia kwa mkupuo) basi mashine inakimbia mara mbili imezunguka miaka na miaka, na sio kweli. Kinachobadilika hasa ni kiasi cha ramu, yaani kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi, ambacho mashine inaweza kutumia. Windows ya biti 32 kwa kawaida inaishia GB 4, ndo maana unachomeka GB 8 afu unaona 3 na kitu tu ndo zinatumika, zingine zimekaa bure. Kama una GB 2 usijisumbue, biti 64 yenyewe inakula ramu zaidi kidogo. Ukiwa na zaidi ya 4 na prosesa inakubali biti 64, hamia, ila kopi mafaili kwanza maana lazima uinstoo upya kabisa, na draiva (programu ndogo inayoiwezesha Windows kutumia kifaa) ya ile printa yako ya zamani hakikisha ipo ya biti 64, hapo ndo wengi hukwama.