Kampuni kubwa yenye matawi kila kona, inaleta ubunifu au inaubana?

Kwenye mafunzo yetu ya wajasiriamali alisimama mama mmoja anatengeneza pilipili ya chupa. Akasema chupa ananunua kiwandani kwa kampuni kubwa, siku moja akawapelekea umbo jipya alilobuni mwenyewe, wakamtengenezea vizuri tu, ila baada ya miezi miwili akaikuta chupa ileile dukani, ndani ina pilipili ya kampuni dada ya hicho kiwanda. Akatuuliza, sasa hawa wakubwa wananisaidia au wananimaliza?

Nilimwambia vyote viwili mama, akacheka kama mtu aliyenyimwa jibu. Ngoja nieleze vizuri hapa.

Tuchukue Korea Kusini maana kule familia chache zina magrupu ya kampuni, wanayaita chaebol, yanashika kuanzia bima mpaka meli. Samsung hii ya simu ilianza 1938 mjini Daegu, biashara ya samaki wakavu na tambi, baadae ikaingia kwenye sukari na vitambaa. Mwaka 1983 mwanzilishi wake Lee Byung-chul, mzee wa miaka 70 na kitu, akatangaza wanaingia kwenye chipu za kumbukumbu za kompyuta, na ujuzi wa kuanzia wakanunua leseni kwa Micron ya Marekani. Haikupita muda bei ya chipu ikaporomoka vibaya, yaani hata Intel waliokuwa wakongwe wa hiyo biashara 1985 wakaachana na chipu za kumbukumbu, Samsung wao wakala hasara miaka kadhaa na hawakutoka. Jeuri waliitoa wapi? Kampuni zingine za grupu zilikuwa zinaingiza hela, na jina lao benki lilikuwa linakopesheka. 1992 wakawa wanaongoza dunia kwenye hizo chipu. Kampuni ya vijana watatu ingeshazikwa 1985, tena bila matanga.

Kwahiyo grupu lina uwezo wa kusubiri, na kuna ubunifu ambao bila kusubiri haupo. Hata hapa kwetu, Azam aliyekuwa kwenye unga, mikate na ice cream mpaka akafika kwenye boti na televisheni, boti ya abiria hainunuliwi kwa hela ya kikoba.

Shida inaanza pale wakubwa wakishakaa vizuri. Benki ikiwa na hela ya kukopesha inampa mwenye jina, Daewoo, grupu jingine la Korea, walikopeshwa mpaka 1999 wakaanguka na mlima wa madeni, na muda wote huo kuna watu wadogo walikuwa na mawazo yao mazuri tu hawana dhamana. Alafu kuna hili la yule mama. Wakorea wanaouza vipuri kwa magrupu wamelalamika miaka mingi kwamba unaambiwa leta michoro tukague ubora, ukishaleta, oda inayofuata anapewa mwingine. Ilifika mahali 2011 sheria ikabadilishwa, mkubwa akikutwa kachukua teknolojia ya anayemuuzia ikawa anaweza kulipishwa hadi mara 3 ya hasara, na tangu 2024 ni hadi mara 5. Kuthibitisha ndo kazi sasa, maana ukimshtaki mteja wako mkubwa mwezi ujao unamuuzia nani?

Taiwan walienda kivingine kidogo. Serikali ilianzisha taasisi ya utafiti, ITRI, 1973, na humo ndo ikazaliwa TSMC mwaka 1987, kampuni ambayo haiuzi chipu za kwake, inatengeneza za wengine tu. Ni kama mashine ya kusaga ya mtaani, unakuja na debe lako la mahindi, unalipa, unaondoka na unga wako, na mwenye mashine hauzi ugali. Kwa mtindo huo mtu mwenye mchoro wa chipu kichwani na hana kiwanda akaweza kuingia sokoni, hata Nvidia, wabunifu wakubwa wa chipu, wenyewe hawana kiwanda cha chipu mpaka leo. TSMC sasa hivi ni kubwa kupindukia, na ukubwa wake haujawazibia njia hao wachoraji, kwasababu haigombanii wateja nao.

Ndo maana yule mama sikumuuliza kampuni ile ina matawi mangapi. Nilimuuliza kama kuna mwingine anayetengeneza chupa na hauzi pilipili. Akasema yupo mmoja, ila anataka oda ya kuanzia chupa 10,000, na yeye kwa mwezi anauza 600.