Je, wajua maonyesho makubwa ya sanaa huuachia nini mji ulioyapokea?

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wasanii wa New York hawakuijua methali hiyo, lakini mwaka 1913 waliifuata kama walivyoambiwa. Walikuwa wamechoshwa na chuo cha sanaa cha taifa, ambacho wazee wake ndio waliokuwa wakiamua nani aonyeshwe na nani abaki nje. Wakaunda chama chao, wakakodi ukumbi wa gwaride wa Kikosi cha 69, na kuanzia Februari 17 wakaujaza kazi zipatazo 1,300. Takriban theluthi mbili zilikuwa za Wamarekani wenyewe. Ili watu waje kwa wingi, walileta pia kazi za wasanii wa Ulaya: Cézanne, Matisse, Picasso, Duchamp.

Watu walikuja kweli. Walijazana mbele ya mchoro wa Marcel Duchamp wa mtu aliye uchi akishuka ngazi, na kuta za wenyeji wakazipita kama watu wanaotafuta mlango wa kutokea. Magazeti yalimdhihaki Duchamp wiki kwa wiki, na dhihaka ni tangazo lisilolipiwa. Wanunuzi nao waliwafuata wageni. Jerome Myers, mmoja wa waasisi wa maonyesho hayo, aliandika baadaye kwa uchungu kwamba nchi ilikuwa imefunguliwa wazi kwa sanaa ya kigeni, na wasanii wa Marekani wakajikuta washamba kuliko walivyokuwa mwanzo.

Ila katika ukumbi uleule alikuwamo kijana wa miaka 20, Stuart Davis, aliyekuwa ametundika picha zake 5 za rangi za maji. Alichokiona kwa Wazungu wa Ulaya kilimtikisa. Alikaa nacho miaka mingi, akikijaribu hivi na vile, hadi alipotoka na michoro iliyojaa mdundo wa jazi na maandishi ya mabango ya barabarani, michoro ambayo hakuna Mfaransa angeichora. Yaliyomvunja moyo Myers ndiyo yaliyomfungua macho Davis. Kwa hiyo swali la kama maonyesho makubwa huusaidia au huuumiza mji limekaa vibaya tangu mwanzo. Inafaa kuuliza ni nani, na baada ya muda gani.

Tuanze na fedha, maana ndizo wanasiasa hutaja kwanza. Kuna aina mbili za shughuli ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni bienale, maonyesho yanayorudi kila baada ya miaka miwili. Mama yao ni ile ya Venice, iliyoanza mwaka 1895. Ya pili ni soko la sanaa, ambako wenye nyumba za kuuzia sanaa hukodi vibanda kwa siku chache, wakauza, wakaondoka. Bienale kwa kawaida husema haiuzi kitu, ingawa ya Venice ilikuwa na ofisi yake ya mauzo hadi maandamano ya mwaka 1968 yalipoifanya ifungwe.

Katika bienale, bajeti inaweza kuonekana nono, lakini ukiifuata utakuta sehemu kubwa ikipanda ndege: usafirishaji wa kazi, bima, tiketi, hoteli za waalikwa. Mchoraji wa mji huohuo ambaye hakualikwa hapati kitu, na aliyealikwa mara nyingi hulipwa sifa. Kuna kundi moja hunufaika bila kelele, nalo husahaulika katika kila ripoti: mafundi. Watu wanaojenga kuta za muda, wanaofungua makreti bila kuvunja kitu, wanaojua taa ielekee wapi ili turubai isimetemete. Stadi hizo hazifundishwi sana darasani. Mji ukishakuwa na mafundi 20 wa namna hiyo, hata maonyesho madogo ya wenyeji huanza kupendeza. Ningeulizwa nipime faida ya bienale kwa kitu kimoja tu, ningewahesabu hao kabla ya watalii.

Pango la nyumba ni habari nyingine. Soko la Art Basel lilifika Miami Beach Desemba 2002. Ng'ambo ya maji, katika mtaa wa Wynwood uliokuwa wa maghala na viwanda vya nguo, wasanii na wenye nyumba za sanaa walikuwa wamepata nafasi kubwa kwa bei ya chini. Kila Desemba matajiri wa dunia walishuka mjini na kuja kutazama. Mwaka 2009 mwekezaji Tony Goldman alifungua huko uwanja wa michoro ya ukutani, na Wynwood ikawa jina la kutangazia utalii. Baada ya hapo kodi za pango zilipanda, na nyumba nyingi za sanaa zikahamia mitaa ya kaskazini kama Little Haiti na Little River. Michoro ipo hadi leo ukutani, waliochora wanaishi kwingine. Si haki kulitwika soko la wiki moja lawama zote za mwenendo wa ardhi katika jiji zima, ila soko hilo lilikuwa tochi: liliwaonyesha wenye fedha mahali ambapo wasanii walikuwa wamejificha.

Jambo linalonivutia zaidi, na lisiloweza kuandikwa kwenye hesabu, ni jicho. Msanii hufanya kazi akiwa na mtazamaji fulani kichwani. Maonyesho makubwa humbadilishia mtazamaji huyo, kwa heri au kwa shari.

São Paulo ndiyo mfano ninaoupenda. Mwenye viwanda mmoja, Ciccillo Matarazzo, alianzisha bienale ya kwanza huko mwaka 1951. Tuzo ya kimataifa ya uchongaji ilikwenda kwa Max Bill wa Uswisi kwa sanamu ya chuma kisichoshika kutu, utepe unaojikunja na kujirudia kwa mpangilio wa kihesabu. Kwa vijana wa Brazil kazi ile ilikuwa kama amri: sanaa iwe safi, iwe na kanuni, isisimulie chochote. Mwaka uliofuata kundi lililojiita Ruptura, yaani mpasuko, lilijitokeza São Paulo likifuata njia hiyo. Mtu angeweza kusema mji umemezwa na wageni.

Lakini bienale ilirudi, na ikarudi tena. Katika ile ya pili ililetwa hadi Guernica, mchoro mkubwa wa Picasso wa kulaani vita. Mchoraji wa São Paulo hakuhitaji tena kupanda meli kwenda Ulaya ili aone wenzake wanafanya nini, walimfuata alipo. Na mtu akimwona mgeni mara ya tatu, ya nne, huacha kumshangaa na huanza kubishana naye. Mwaka 1959 wasanii wa Rio de Janeiro, Lygia Clark na Lygia Pape miongoni mwao, walitangaza kwamba jiometri ile baridi imewachosha. Clark akatengeneza vipande vya chuma vilivyounganishwa kwa bawaba, akaviita Bichos, neno la Kireno la viumbe au wadudu. Mtazamaji alitakiwa avishike na kuvikunja mwenyewe. Mwaka 1961, miaka 10 baada ya tuzo ya Bill, Clark alishinda tuzo ya mchongaji bora wa Brazil katika bienale ileile. Leo vyuo vya Ulaya na Marekani humfundisha Clark kama mmoja wa walioigeuza sanaa ya karne ya 20.

Hapo ndipo nionapo mambo mawili yanayoamua. Moja ni marudio. La pili ni mahali pa kubishania: shule, makumbusho, magazeti yenye wahakiki, karakana ambazo watu hukaa hadi usiku wakigombana kuhusu walichokiona. São Paulo ilikuwa na yote. Wahenga walishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na bienale isiyorudi haifiki siku ya tatu.

Johannesburg haikufika. Jiji hilo lilifanya bienale ya kwanza mwaka 1995, mwaka mmoja baada ya uchaguzi ulioumaliza utawala wa ubaguzi wa rangi. Ya pili, ya 1997, ilisimamiwa na Okwui Enwezor, mzaliwa wa Nigeria, na bado wataalamu huitaja kwa heshima. Wenyeji wengi waliiona kama sherehe ya watu wengine, halmashauri ikaishiwa fedha, milango ikafungwa mwezi mmoja kabla ya wakati. Haikufanyika ya tatu. Enwezor alikwenda kusimamia documenta, maonyesho makubwa ya Ujerumani, mwaka 2002 na Bienale ya Venice mwaka 2015. Alistahili. Ila ngazi aliyopandia ilibaki Johannesburg ikiwa imeegemea ukuta, bila mtu wa kuitumia.

Documenta yenyewe, ambayo hufanyika Kassel kila baada ya miaka 5 kwa siku 100, iliwahi kujaribu kuwa mgeni mwema. Mwaka 2017 ilifungua nusu yake Athens, mji uliokuwa umebanwa na madeni, ikaja na kaulimbiu ya kujifunza kutoka huko. Kuta za Athens zikaanza kuandikwa maneno ya kejeli. Yanis Varoufakis, aliyekuwa waziri wa fedha wa Ugiriki, aliiita utalii wa kuangalia shida za watu. Maneno makali, na sidhani kila msanii wa Athens aliyakubali, maana wapo waliopata kazi na marafiki wa kudumu. Hata hivyo, ilikuwa vigumu kutoona kwamba fedha, uamuzi na mikataba vilitoka Kassel, na hata hasara ya mamilioni ya euro ililipiwa dhamana huko. Anayelipa deni ndiye mwenye nyumba.

Wakati mwingine athari huja kutoka mbali kabisa, bila mji kupokea mgeni hata mmoja. Mwaka 2015 banda la Kenya, yaani sehemu ya nchi hiyo katika bienale ya Venice, lilipangwa kuwa na wasanii wengi wa China. Wasanii wa Nairobi walipiga kelele, Michael Soi akachora mfululizo wa picha za kulidhihaki, na serikali ikajitenga nalo. Miaka miwili baadaye Kenya ilirudi Venice na wasanii wake yenyewe, huku fedha zikichelewa, lakini majina yakiwa ya kwao.

Dakar ina namna yake. Bienale ya Dak'Art ilianza mwaka 1990 kwa fasihi, ikageukia sanaa za kuona mwaka 1992. Kando ya maonyesho rasmi ilikua sehemu iitwayo OFF: mtu yeyote mwenye ukuta huingia. Nyumba, hoteli, mikahawa, ofisi, mamia ya mahali kwa mwezi mmoja, hakuna anayechuja. Kazi nyingine ni mbovu kweli. Lakini mgeni aliyekuja kwa ajili ya orodha rasmi hujikuta sebuleni kwa mtu, akinunua.

Mwaka 2024 bienale rasmi, iliyotakiwa kuanza Mei, iliahirishwa hadi Novemba zikiwa zimebaki wiki chache. Watu walikuwa wameshakata tiketi. Wengi wa OFF hawakungoja: Mei ilipofika walitundika kazi zao kama walivyopanga, wakafungua milango.