Kwa nini Wazungu wa enzi ya Renesansi (takriban karne ya 14 hadi ya 17) waliogopa kuoga maji ya moto?

Mwaka 1568 Ambroise Paré, mpasuaji wa wafalme wa Ufaransa, alishauri kwamba tauni ikiingia mjini, hamamu za umma, yaani nyumba za kuogea, zifungwe. Hakuwa mjinga. Wakati huo hakuna aliyejua habari za bakteria, na wasomi waliamini magonjwa huletwa na hewa chafu. Joto na mvuke, alieleza Paré, hulegeza mwili na kufungua vitundu vya ngozi, kisha mtu akitoka nje ile hewa yenye sumu humpenya. Kwa hesabu hiyo, kuoga maji ya moto ni sawa na kuacha mlango wazi huku mwizi yuko uani.

Hofu ilikuwa imeanza mapema zaidi. Kaswende ililipuka Italia mwaka 1495, wakati jeshi la Ufaransa lilipokuwa Naples, ikasambaa Ulaya upesi. Hamamu nyingi zilikuwa pia mahali pa ukahaba, basi lawama zikaziangukia. Katika miaka ya 1520 mwanazuoni Erasmus aliandika kwamba miaka 25 nyuma watu wa Brabant, eneo lililo Ubelgiji na Uholanzi ya leo, walizipenda mno hamamu, lakini sasa zimepoa kwa sababu ya ugonjwa huo mpya.

Je, walinuka? Wengine bila shaka, ila si kwa kutojali usafi. Uso na mikono vilinawishwa kila siku, hasa kabla ya kula, na nywele zilichanwa sana. Kazi ya kusafisha mwili wenyewe ilikabidhiwa nguo. Shati la kitani lilivaliwa ndani, likigusa ngozi, nalo liliaminika kufyonza jasho na taka. Ukibadilisha shati, umejisafisha. Na kwa kweli kitani hufyonza jasho vizuri, kwa hiyo imani hiyo haikuwa upuuzi mtupu.

Kazi ngumu ikawa ya madobi, wengi wao wanawake: kuloweka mashati katika maji ya majivu, kuyapiga kwa ubao na kuyaanika juani yawe meupe. Ndiyo maana katika picha za wakati huo matajiri huonyesha kola na ncha za mikono ya shati jeupe. Ule weupe ulisema mwenyewe ana mashati mengi na watu wa kumfulia. Aliyekuwa na shati moja au mawili alibaki na chawa wake. Wenye fedha waliongeza marashi ya miski, ambari na zabadi, wakiamini harufu nzuri hufukuza hewa mbaya.

Si Ulaya yote iliyofuata mkondo huo. Istanbul walikuwa wakijenga hamamu mpya: ile ya Haseki Hürrem, mke wa Sultani Suleiman, kazi ya msanifu Sinan, ilikamilika mwaka 1556. Granada, Hispania, nako Waislamu waliolazimishwa kuwa Wakristo waliendelea kuoga katika hamamu zao, hadi mfalme Felipe wa Pili alipozipiga marufuku mwaka 1567. Hapo sababu haikuwa tauni. Kuoga kwao kulihesabiwa ushahidi kwamba bado ni Waislamu.